Jino la Mbele Limebaki Mahali Pake

Mwingi,
Jumapili mchana.

Kwa kaka yangu Mutiso,

Pokea salamu zangu kutoka huku, wewe na wote walio bomani. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kazi inaendelea. Natumaini nyinyi pia mko salama, na kwamba magoti ya Mama hayamsumbui sana na baridi hii ya asubuhi. Mvua ilifika huko Kasikeu? Huku ilinyesha siku tatu ikatuacha tukiangalia juu, lakini ndengu za majirani zimeshika na watu wana matumaini. Niambie pia ile miche ya michungwa uliyounganisha kabla sijarudi kazini imefikia wapi. Nilisikia mbuzi wa jirani waliingia wakala mistari miwili. Pole sana. Huyo jirani anafaa kufungiwa mbuzi wake, au afungwe yeye mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ziko. Simu nimejaribu, unajua. Nikianza jambo refu unasema, "Ndio, ndio, sawa," halafu unaniambia mtandao unapotea, na mimi nasikia kuku wako vizuri kabisa. Barua huwezi kuikatia. Mwalimu Kyalo tunayefundisha naye anapita hapo akienda kwa wakwe zake, na nimemwambia akuwekee mkononi. Kwa hivyo keti, uisome yote.

Nimekuwa mgonjwa, kaka, na sasa nimepona. Nilikuwa naumwa na jino.

Ni lile la mbele, la juu, upande wa kulia. Krismasi iliyopita uliniangalia ukasema, "Kanini, punguza chai ya rangi, jino lako linakuwa kama ukuta wa jikoni." Nilicheka kwa kuziba mdomo, kama nilivyozoea miaka hii yote. Lakini haikuwa chai. Baada ya Krismasi kijipu kidogo kilitokea kwenye fizi juu ya jino hilo, kama punje ya mtama. Kilikuwa kinapasuka chenyewe, nasikia chumvichumvi mdomoni, kinaisha, kisha baada ya wiki mbili kinarudi. Hakikuwa na maumivu, na kitu kisichouma mtu hukisahau. Nilikipa jina la upele nikaendelea na maisha.

Halafu kikafunga. Hakikupasuka tena. Jumapili moja nikiwa kanisani nilianza kusikia jino likipigapiga pamoja na moyo, na kila tuliposimama kuimba nilihisi kama limerefuka. Jumatatu niliamka na mdomo wa juu umevimba mpaka karibu na pua. Nilipojiangalia kwenye kioo sikujua kama nilie au nicheke.

Nilienda kazini hivyo hivyo. Ungekuwepo ungecheka. Unajua nafundisha gredi ya kwanza, na wiki hiyo tulikuwa kwenye herufi F. Sasa jaribu kusema F na mdomo wa juu umekuwa kama andazi. Niliandika ubaoni "fagio," nikasema, "Someni pamoja nami," na kilichotoka mdomoni ni "hagio." Watoto arobaini na watatu wakaitika kwa sauti moja, "Hagio!" Nikasema, "Hapana, hagio." Wakasema, "Hapana, hagio!" Mwalimu mkuu alikuwa anapita dirishani. Alisimama, akasikiliza kidogo, akaenda zake akitikisa kichwa.

Wakati wa chai kila mwalimu akageuka daktari. Kyalo aliniambia nisithubutu kuguswa jino hilo, kwa sababu meno ya juu yameungana na macho, na kwao kuna mzee aliyeng'olewa jino kama langu akapofuka. Naye Madam Ndunge, naibu wa mwalimu mkuu, akasema hayo ni maneno ya woga tu. "Ng'oa upumzike," akaniambia. "Mimi nimeng'oa manne na muthokoi nakula." Ni kweli mahindi yale anayatafuna, lakini manne yake ni ya nyuma. Langu ni la mbele, kaka. Mimi ninasimama mbele ya watoto kila siku wakiangalia mdomo wangu ili waige. Tena sitakudanganya, niliwaza pia uso wangu. Nina miaka thelathini na tatu, na niliona vibaya kuanza kucheka na pengo.

Hata hivyo maumivu hayana aibu. Jumanne baada ya masomo nilitaka jino litoke tu, hata kama litatolewa na nani. Kuna mtu nyuma ya soko ambaye watu husema ana mkono mwepesi. Nilimwendea. Nilikuta kiti cha plastiki, na koleo ndani ya mkebe wenye maji ya rangi ya chai. Hakuniuliza jina, wala limeanza kuuma lini. Alisema tu, "Fungua." Nikafungua. Akaweka kidole na kusema, "Ni hili?" Kidole chake kilikuwa kwenye jino la jirani, lile zima. Nilisimama nikamwambia nimesahau mkoba nyumbani, na mkoba nilikuwa nimeukumbatia kifuani. Nilitembea haraka bila kugeuka.

Nilipofika nyumbani, Mama Saida alikuwa ameketi kwenye baraza. Nimewahi kukuambia habari zake. Ndiye mwenye nyumba ninayopanga, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja huku kutoka pwani kwa biashara wakabaki. Anauza vitambaa, na huongea Kiswahili kinachonifanya mimi mwalimu nione haya. Tangu Jumatatu alikuwa ananipa karafuu nibane juu ya fizi. Nilipomweleza habari za yule mtu na koleo lake, alikunja kitambaa alichokuwa anapima.

"Mwanangu," akasema, "karafuu hutuliza tu, haitibu. Nami nimekuwa nikikutuliza kwa sababu naona unaogopa. Kesho asubuhi omba ruhusa kazini. Tutakwenda kwa daktari wa meno, mimi na wewe."

"Mama Saida, na duka?"

"Duka litafunguliwa mchana. Vitambaa havina miguu."

Ndivyo tulivyoenda, yeye na mimi, katika kliniki moja ya meno hapa mjini. Daktari ni msichana tu, Daktari Mbithe, mzaliwa wa Kabati. Aliposikia ninavyotamka alinisalimia kwa Kikamba, na woga ukapungua nusu. Hakukimbilia vyuma. Aliniuliza limeanza lini, limevimba lini, nimekuwa na homa, nameza vizuri, nina ujauzito, nina ugonjwa mwingine, natumia dawa gani. Kisha akachukua kioo chake kidogo, akageuza mpini, akagonga meno yangu moja moja kama mtu anayechagua tikiti maji. Alipofika kwa lile, nilikiona cha mtema kuni. Nilimshika mkono bila kutaka.

"Pole," akasema. Kisha akachukua kipamba chenye baridi kali akakigusisha kwenye jino la jirani. Niliruka. Akakigusisha kwenye lile linaloniua. Nikangoja. Sikusikia kitu.

"Hili limekufa," akasema.

"Limekufa aje, daktari, na ndilo halinipi usingizi?"

"Jino lenyewe halina uhai tena. Kinachokuuma ni ule uozo ulio ndani yake, na mfupa unaolizunguka, ambao umechokozwa." Kisha akainama akaniangalia vizuri. "Na halijatoboka. Halina hata doa la kuoza kwa nje. Uliwahi kugongwa hapa? Kuanguka, ajali, kupigwa?"

Nikasema hapana.

"Hata utotoni?"

Hapo nikakumbuka, kaka. Halafu nikasema, "Jiwe."

"Uliangukia jiwe?"

Mdomo ulikuwa tayari kusema ndio, kwa sababu ndivyo tulivyosema mimi na wewe miaka yote hiyo mpaka nikaanza kuamini. Lakini nilikuwa nimelala kwenye kiti hicho na taa usoni, na Mama Saida ameshika mguu wangu, na niliona hakuna faida ya kumdanganya mtu anayetaka kunisaidia. Nikasema, "Hapana. Nilipigwa na jiwe. La manati."

Ile siku unaijua kuliko mimi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na wewe kumi na mitatu, na tulikuwa tumetumwa kufukuza ndege kwenye mtama wa chini karibu na mto. Uliniambia nikae kwenye kichuguu nisitoke. Mimi nikaona nitakutisha, nikatambaa katikati ya mtama, nikasimama ghafla mbele yako nikipiga kelele, na wewe ulikuwa umeshavuta mpira. Nakumbuka damu kwenye gauni, na nakumbuka kwamba wewe ulilia kuliko mimi. Ulinibeba mgongoni mpaka mtoni ukaniosha, ukaniambia, "Kanini, tuseme umeanguka." Mimi nikakubali, kwa sababu Mama alikuwa amekukataza hiyo manati mara tatu, na Baba alikuwa anarudi kutoka kazini Ijumaa. Jino lilitikisika wiki mbili hivi, likashika. Tukasahau.

Sikuandikii hivi ili uumie. Nimeandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilitaka uelewe nilichoelewa mimi. Nilimuuliza daktari, "Jiwe la miaka hiyo yote ndilo linaniuma leo?" Akaniambia ndio, inawezekana kabisa. Jino likigongwa, ile mishipa myembamba inayoingia ndani yake kupitia ncha ya mzizi inaweza kukatika. Kwa nje jino linaonekana zima, linatafuna, linacheka na wenzake. Ndani limekufa. Linaweza kukaa hivyo miaka na miaka, linabadilika rangi polepole, mpaka siku viini vinapata njia ya kuingia.

Alinipiga eksirei akanionyesha. Niliona jino langu refu jeupe, na kwenye ncha ya mzizi kivuli cheusi cha mviringo, kama shimo la mchwa. Akasema hapo ndipo usaha umekula mfupa. Kile kijipu nilichokiita upele kilikuwa mlango ambao usaha ulikuwa unatokea, na mlango ulipofunga, ndipo nikavimba.

Kisha akachukua karatasi akanichorea. Nakuchorea na mimi hapa pembeni, usicheke mchoro wangu. Unaona, jino si kitu kigumu mpaka ndani kama jiwe. Katikati lina chumba kidogo, na kutoka chumba hicho kuna njia nyembamba inayoteremka ndani ya mzizi mpaka kwenye ncha. Jino likiwa hai, njia hiyo imejaa nyama laini yenye damu na mshipa wa fahamu. Likifa, nyama hiyo inaoza hapo hapo ndani.

"Basi nipe dawa kali za kuua viini niende," nikasema.

"Dawa nitakupa kwa sababu umevimba," akasema. "Lakini dawa husafiri kwenye damu, na ndani ya jino lako hakuna damu tena. Itapunguza uvimbe, utajiona umepona, kisha baada ya muda tutakutana hapa tena. Lazima kinachooza kitoke. Tuna njia mbili. Ya kwanza ni kuling'oa. Ya pili ni kulifungua, kusafisha ile njia ya ndani mpaka kwenye ncha, kuijaza, na kuifunga. Hiyo ndiyo watu huita root canal. Jino halitafufuka, lakini litabaki lako na litafanya kazi."

Mama Saida akadakia, "Na jicho, binti yangu? Wanasema jino la juu limeungana na jicho."

Daktari akatabasamu. "Mama, kama ingekuwa hivyo, nusu ya Kitui ingekuwa haioni. Kinachoweza kufika karibu na jicho ni uvimbe wenyewe ukiachwa uendelee. Tunautibu ili usifike."

Nikamuuliza kama kuna hakika. Nilimpenda kwa sababu hakunihakikishia. Alisema mara nyingi hufaulu, hasa kwa jino la mbele lenye mzizi mmoja ulionyooka, lakini mara nyingine uchafu hubaki mahali, na kazi inarudiwa au jino linang'olewa. Alisema pia gharama ni zaidi ya kung'oa, na muda pia ni zaidi. Bima ya walimu ilisaidia sehemu kubwa. Nilimwangalia Mama Saida. Akasema, "Mdomo ni wako, mwanangu. Lakini ukiling'oa, nani atawafundisha wale watoto F?"

Nikasema, "Lisafishwe."

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu najua wewe na sindano. Sindano ya ganzi iliuma, ndio. Kwenye fizi ya mbele inauma kama kuumwa na siafu mmoja mwenye hasira. Nilihesabu mpaka kumi na tano ikaisha, na dakika chache baadaye mdomo na pua vikawa kama vya mtu mwingine. Daktari aligonga jino tena. Nikasikia kugonga lakini sikusikia maumivu. Nilikuwa nimeyazoea hivi kwamba yalipotoweka, machozi yalinitoka yenyewe. Akaniuliza, "Unaumia?" Nikatikisa kichwa. Nililia kwa kupumzika.

Alinifunika mdomo kwa kipande cha mpira mwembamba kilichoacha jino hilo peke yake likitokeza, ili mate yasiingie wala dawa isishuke kooni. Akalitoboa kwa nyuma, upande wa ulimi, kwa hivyo kwa mbele huoni kitu. Mara ikatoka harufu, kaka. Harufu ya kitu kilichokufa. Niliona aibu nikafumba macho. Nikafikiria watoto wangu wote niliowainamia kuwashika mkono wa kuandika. Daktari akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ndiyo tuliyoijia. Wacha itoke."

Baada ya hapo alitumia visindano vyembamba sana, vyenye makali ya kuzungukazunguka, anaingiza kimoja, anasugua, anakitoa na uchafu, anaosha kwa maji ya dawa yenye harufu kama ile ya kufulia nguo nyeupe. Kisha kingine kinene kidogo. Nilikumbuka vile unavyozibua mipira ya kumwagilia ikizibwa na matope, unavyochokoa na waya na kupuliza. Kazi ni hiyo hiyo, ila hapa bomba ni jembamba kuliko uzi. Ilichukua karibu saa nzima. Mguu wangu ulikuwa mikononi mwa Mama Saida muda wote, na nilikuwa nasikia akinong'ona dua zake. Mimi nilikuwa naomba kwa Kikamba, kimyakimya. Nafikiri tulisikika sote wawili.

Siku hiyo hakulijaza. Aliweka dawa ndani, akaliziba kwa muda, akanipa vidonge na siku ya kurudi. Ganzi ilipoisha niliumwa kidogo, maumivu ya kidonda kilichosafishwa, si yale ya kupigapiga. Baada ya siku tatu uvimbe ulikuwa umeshuka. Kijipu kilisinyaa. Niliporudi baada ya wiki mbili aligonga jino na mimi nikakaza macho kwa mazoea, lakini halikuuma. Akasafisha tena, akakausha, akaijaza ile njia kwa kitu laini cha rangi ya waridi. Aliniambia asili yake ni utomvu wa mti fulani wa mbali. Nilimwambia kaka yangu anaunganisha michungwa na angependa kujua ni mti gani. Alipiga eksirei kuona kama kile kitu kimefika mpaka mwisho, akaziba nyuma ya jino, na kazi ikaisha. Nitarudi baada ya miezi kadhaa aangalie kama mfupa umeanza kujaa. Jino bado lina rangi ya kijivu. Alisema linaweza kung'arishwa kutoka ndani nikitaka. Bado sijaamua. Ameniambia nisiume muwa nalo wala nisimenye embe kwa meno, nitumie kisu kama mtu mstaarabu.

Darasani tumerudi kwenye F. Nilisema "fagio" safi, na watoto wakaniitikia "hagio!" kwa makusudi, wakaanguka juu ya madawati kwa kicheko. Kuna kasichana kanaitwa Kasyoka kaliinua mkono kakauliza, "Mwalimu, ile F yako ya zamani imerudi?" Nikamwambia imerudi. Nikacheka mbele yao wote, na nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba sikuziba mdomo.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu.

Jumatano nilimpigia Mama nimweleze nilivyopona. Nikaona, kwa kuwa nimemwambia ukweli daktari nisiyemjua, si vizuri mama yangu aendelee kudanganywa. Nikamwambia, "Mwaitu, kuna kitu tulikuficha. Mimi sikuanguka siku ile ya mtama. Ilikuwa manati ya Mutiso. Na mimi ndiye nilijitokeza vibaya, usimlaumu."

Nikadhani mtandao umepotea kweli. Kisha nikasikia anacheka.

"Kanini," akasema, "aliyeanguka ilisemekana ni wewe. Lakini wewe ulikula uji wako ukamaliza. Aliyekataa chakula siku mbili alikuwa Mutiso. Tangu lini jiwe likampiga huyu na njaa ikamtoka yule? Na ile manati sikuiona tena, wala hakuniomba mpira wa kutengeneza nyingine. Nilijua siku ile ile."

"Na hukusema?"

"Nilingoja mje wenyewe. Mlikawia, nikaacha kungoja." Halafu sauti yake ikabadilika. Akasema, "Na sasa amekataa chakula tena, na hakuna mtoto aliyepigwa. Anasema ameshiba. Muthokoi anampa mbwa. Anatafuna upande mmoja, na asubuhi namwona ameshika shavu. Ukimuuliza anasema ni upepo."

Kaka, huo si upepo. Mama anasema una mwezi wa pili ukinunua vidonge vya maumivu dukani na kubana chumvi, na kwamba wiki iliyopita shavu lilivimba likashuka, ukasema umepona. Hukupona. Jino lako limefanya kama langu. Usaha umepata mlango. Siku mlango ukifunga utanikumbuka.

Sikuambii lazima usafishiwe mzizi. La nyuma kama lako lina mizizi miwili au mitatu na kazi yake ni ndefu kuliko ya langu, na inawezekana daktari akasema lisiokolewe, ling'olewe. Basi ling'olewe, lakini na mtu aliyesomea, mwenye vyombo safi, baada ya kulipiga picha na kukutia ganzi. Shule zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi nitakuwa nyumbani, na Jumatatu asubuhi mimi na wewe tutaenda mjini Wote kwa daktari wa meno. Nimeshamwambia Mama. Nitaingia nawe mpaka ndani na nitashika mguu wako kama nilivyoshikwa wangu. Ukipiga kelele sitamwambia mtu. Lakini kama kabla ya hapo utavimba mpaka chini ya taya, au upate homa, au mdomo ukatae kufunguka, au kumeza kuwe kazi, usiningoje. Siku hiyo hiyo nenda hospitali. Daktari alinisisitizia hilo mara mbili, na mimi nakusisitizia mara tatu.

Najua pia kuna kitu kingine. Najua utasoma habari za lile jiwe na kurudi kukaa nalo moyoni, maana wewe ndivyo ulivyo. Usikae nalo. Kama si wewe kunibeba mpaka mtoni siku ile, sijui ningefikaje. Muhula wote ule ulinichotea maji, na mimi nilikuacha uchote, hata jino lilipokuwa limepona zamani. Kwa hivyo mimi pia nina langu la kuungama.

Nisalimie Baba, mwambie miwani yake imetengenezwa na nakuja nayo. Nisalimie wifi yangu Syombua, na umwambie akufiche vidonge. Watoto wenu wote wawili wapate salamu za shangazi yao, na yule mkubwa aambiwe kwamba nitakagua meno yake kabla ya kumpa kitabu nilichomnunulia. Mjomba Ngui na wazee wa kanisa, na majirani wote, hata mwenye mbuzi. Mama Saida anawasalimu. Amemshonea Mama leso na hataki nilipe, kwa hivyo tafadhali nitafutieni ndengu nzuri za kumrudishia.

Mungu akulinde mpaka tuonane Jumamosi. Na leo jioni, kaka, mwambie Syombua akupikie uji mwepesi uwe vuguvugu, unywe upande usiouma. Usimpe mbwa.

Ni mimi dadako,
Kanini.